Jua Maneno ya Bima ya Afya Kabla Hujauza Ng'ombe

Ndugu mkulima, katika gazeti hili umezoea kusoma habari za mbegu, mbolea na dawa ya kupe. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo jingine, ambalo nalo hutoa ng'ombe zizini, tena ng'ombe mzima asiye na ugonjwa wowote. Jambo lenyewe ni bili ya hospitali.

Asubuhi moja jirani yangu alikuja ofisini kwetu kuomba kibali cha kusafirisha mnyama. Ni mzee mwenye bidii, ana ng'ombe watatu, na boma lake ni safi.

"Mwalimu," aliniambia, maana nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, "niandikie upesi. Dalali ananingoja na gari."

Nikamwuliza, "Ni mnyama gani, Mzee?"

"Ni yule mtamba."

Niliweka kalamu chini. Mtamba huyo alikuwa na mimba ya miezi saba, na mzee alikuwa amemngojea kwa miaka miwili. Lakini binti yake, anayeuza mboga Kawangware huko Nairobi, alikuwa amezaa kwa kupasuliwa katika hospitali ya mtu binafsi iliyo karibu na kwake, kwa kuwa uchungu ulimshika usiku. Bili ilifika Shs. 54,000/-, na akaambiwa ataondoka ikiisha kulipwa.

"Je, Mzee, binti hana bima?"

"Anayo! Alijiandikisha. Nambari imo katika simu yake. Lakini karani wa hospitali amesema bima haifanyi kazi. Ni bima gani hiyo, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikaandika kibali, na mtamba akaenda kwa Shs. 62,000/-. Kama angengoja azae, bei ingekuwa nyingine kabisa. Jumamosi yake nilifuatana na mzee mpaka Nairobi kupeleka fedha. Kwa kuwa swali lake lilikuwa likinisumbua, niliwauliza karani wa hospitali, akina mama wa soko la Kawangware, na mwana wa mzee anayekaa Kibera. Niliyojifunza ndiyo ninayokuandikia hapa.

Na jambo kubwa nililojifunza ni hili: binti hakusema uongo, na karani naye hakusema uongo. Wote wawili walitumia neno moja, "bima", lakini kila mmoja alikuwa na maana yake. Kutojua maana ya maneno machache tu ndiko kulikomtoa mtamba zizini.

BIMA NI NINI?

Watu wengi hudhani bima ni akiba, yaani fedha unazoweka mahali ili uje uzitoe. Sivyo. Akiba ni yako peke yako. Bima ni ya wengi. Watu wengi hutoa kidogo kidogo kabla ya shida kuja, na yule ambaye shida imemfikia hutolewa katika chungu hicho.

Tuseme kaya 100 za Kawangware kila moja inatoa Shs. 3,600/- kwa mwaka. Jumla ni Shs. 360,000/-. Ikiwa katika mwaka huo akina mama 12 watahitaji kupasuliwa wakati wa kuzaa, na kila upasuaji ni Shs. 30,000/-, chungu kitatosha kuwalipia wote 12. Kila kaya imetoa 3,600/-, wala hakuna iliyouza ng'ombe.

"Lakini kaya zile 88 ambazo hazikuugua, fedha zao zimeliwa?" Mama mmoja aliniuliza swali hili sokoni. Nikamwuliza nami, "Mama, hapa mnamlipa mlinzi wa usiku?" Akasema, "Ndiyo, kila mwezi." "Na mwezi ambao mwizi hakuja, mnamdai mlinzi awarudishie fedha?" Wenzake wakacheka. Hivyo ndivyo ilivyo bima. Fedha uliyotoa imefanya kazi hata kama hukuugua, kwa sababu umelala ukijua kwamba ugonjwa ukija hautakukuta mikono mitupu.

Jambo hili si geni nchini Kenya. Bunge lilianzisha hazina ya bima ya hospitali, iliyojulikana sana kwa jina la NHIF, mwaka 1966. Mwanzo ilikuwa kwa wenye mishahara, na mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa wasio na mishahara waliotaka kujiunga kwa hiari. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ya NHIF ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Basi yule ambaye bado anatunza kadi ya NHIF kabatini akidhani itamfaa, yafaa ajue kwamba kadi hiyo haina kazi tena.

KUJIANDIKISHA SI KULIPA

Hapa ndipo binti wa mzee alipokosea, wala si yeye peke yake. Mwaka 2025 watu waliojiandikisha na SHA walipita milioni 20, lakini miongoni mwa wale wasio na mishahara, waliokuwa wakitoa mchango walikuwa wachache.

Kujiandikisha ni kuingiza jina lako katika daftari. Unaweza kufanya hivyo kwa simu yoyote, hata ndogo, kwa kubonyeza *147#, ukiwa na kitambulisho chako. Kazi hiyo haina malipo. Ukimaliza, unapata nambari. Binti alipata nambari hiyo, akafurahi, akaitunza.

Kwa nambari hiyo peke yake, unaweza kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vyenye mkataba na SHA. Fedha za huko hutoka kwa Serikali. Binti alikuwa amekwisha kutibiwa kikohozi hivyo, bila ya kutoa hata senti. Kwa hiyo akaamini kwamba bima yake ni kamili.

Lakini kulazwa hospitalini, kupasuliwa na hata kuzaa kwa kawaida hulipwa kutoka chungu kingine, na chungu hicho huwafungukia wale tu waliotoa mchango. Mkulima anaelewa jambo hili vizuri. Kuandikwa jina katika chama cha ushirika ni jambo moja, na kununua hisa ni jambo jingine.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kosa lake. Mwezi wa Juni 2013 Serikali ilitangaza kwamba kuzaa katika hospitali za umma ni bure, na baadaye mpango huo ukawekwa chini ya NHIF kwa jina la Linda Mama. Binti alizaa mtoto wake wa kwanza kwa Linda Mama, akadhani mambo ni yale yale. Lakini utaratibu wa SHA ulipoanza, gharama za kuzaa ziliingizwa ndani ya bima, na bima hutaka mchango. Habari hiyo haikumfikia mpaka alipokuwa kitandani.

MCHANGO

Mchango ni fedha unayotoa ili uwe ndani ya bima. Kwa mtu wa mshahara, ni asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato. Kwa mtu asiye na mshahara, kama wewe mkulima, au mama wa mboga, au kibarua wa mjengo, kwanza mnapimwa uwezo. Kupimwa uwezo maana yake ni kujibu maswali juu ya kaya yako: nyumba yenu ni ya namna gani, mnapata wapi maji, mnapikia nini, na mengineyo. Kutokana na majibu hayo kaya hupangiwa mchango wake. Mchango wa chini kabisa ni Shs. 300/- kwa mwezi.

Shika mambo mawili. La kwanza, mchango huo ni wa kaya, si wa kila kichwa. Mume, mke na watoto wao huingia pamoja. La pili, asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Basi aliyepangiwa Shs. 300/- kwa mwezi atatoa Shs. 3,600/- kwa mara moja. Hapo ndipo wengi hushindwa. Shs. 300/- wanaweza kuzipata, lakini Shs. 3,600/- kwa siku moja ni fedha nyingi kwa muuza mboga. Mwaka 2025 Serikali ilianzisha mpango wa mkopo unaoitwa Lipa SHA Pole Pole, ili mtu alipiwe mwaka wake, naye arudishe kidogo kidogo. Lakini mkopo ni mkopo. Kabla ya kuuchukua, uliza utarudisha jumla ya shilingi ngapi.

Mkulima hana haja ya kuogopa malipo ya mara moja, maana fedha zake huja kwa msimu. Siku ya malipo ya chai, au kahawa, au mahindi, toa mchango wa mwaka kwanza kabla ya kununua kitu kingine. Andika tarehe ukutani.

Mchango ukiisha muda wake usiupoongeza, bima hukatika. Bima iliyokatika haikulipii, hata kama ulilipa miaka mingine mitano nyuma.

GUNIA LA KIBERA

Tulipotoka Kawangware tulikwenda Kibera, upande wa Laini Saba, anakokaa mwana wa mzee. Nyumba zimebanana, na reli ya kwenda Kisumu inapita katikati ya watu. Mimi mtu wa kilimo nilipendezwa na kitu kimoja. Mahali pasipo na shamba hata la hatua mbili, watu wamejaza udongo katika magunia, wakayatoboa ubavuni, na kila tundu limepandwa sukuma wiki. Gunia moja husimama mlangoni na kulisha nyumba mboga.

Mwenye gunia mmoja alituambia kwamba hulimwagilia kikombe kimoja kimoja kila jioni. "Ukilisahau wiki mbili," alisema, "hata ulimwagie pipa zima siku ya wiki ya tatu, mboga imekwisha kufa." Nilimwambia mzee, "Umesikia? Mchango wa bima ni kama kikombe hiki. Sharti utangulie." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nasi tulikwenda na pipa."

WANAOKUTEGEMEA

Mwana wa mzee ni mlinzi katika kampuni moja, mshahara wake Shs. 20,000/-. Alituonyesha karatasi ya mshahara. Makato ya SHA ni Shs. 550/- kila mwezi, maana asilimia 2.75 ya 20,000 ni 550. Alisema, "Mimi sina shida. Mke wangu yuko nyumbani anawatunzia wazee shamba, na watoto wako naye. Wote wamo ndani ya bima yangu."

Tukatazama katika simu yake. Alikuwemo yeye peke yake. Mke hakuandikwa, wala mtoto hata mmoja.

Katika bima, wanaokutegemea ni wale ambao mchango wako unawafunika, yaani mke au mume wako na watoto wako. Lakini hawaingii wenyewe kwa sababu tu ni jamaa zako. Sharti waandikwe, mke kwa kitambulisho chake na mtoto kwa hati ya kuzaliwa. Huyu kijana alikuwa akikatwa fedha kila mwezi, na mke wake kama angeugua angehesabiwa kuwa mtu asiyejulikana. Aliwaandika jioni ile ile, isipokuwa mtoto mdogo ambaye hati yake haijachukuliwa. Ndugu msomaji, kama una mtoto asiye na hati ya kuzaliwa, hii ni sababu moja zaidi ya kuishughulikia.

Tena kumbuka: baba, mama na ndugu wakubwa hawaingii katika kaya yako. Mzee yule hakufunikwa na mchango wa mwanawe. Naye ni kaya yake mwenyewe, sharti alipe mchango wake.

Neno jingine kwa wenye mishahara. Kukatwa si kufikishwa. Tajiri wako akikata fedha katika mshahara, anatakiwa kuzifikisha SHA si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asipozifikisha, wewe ndiye utakayeaibika hospitalini. Basi usitosheke na karatasi ya mshahara tu. Jitazame mara kwa mara katika simu kama mchango wako umefika.

MAFAO, NA HAZINA TATU

Mafao ni yale unayolipiwa na bima. Chini ya SHA kuna hazina tatu, na yafaa uzijue ili usigonge mlango usio wako.

Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi. Hii ndiyo inayolipia zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, kwa kila aliyejiandikisha.

Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii. Hii ndiyo inayopokea michango yetu, na ndiyo inayolipia kulazwa, upasuaji, kuzaa na matibabu mengine makubwa. Kwa hii lazima mchango uwe umelipwa.

Ya tatu ni hazina ya dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi. Hii husaidia mtu aliyepatwa na ajali au hatari ya ghafula, na yule ambaye ugonjwa wake mkubwa umemaliza mafao ya hazina ya pili.

Juu ya dharura, shika neno hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu anayevuja damu apokelewe kwanza, na habari za fedha zifuate.

Na juu ya kuzuiliwa kwa ajili ya deni, mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa, kulivunja haki zao, wakaamriwa kulipwa fidia. Deni la hospitali ni deni, na mtu mwaminifu hulipa. Lakini deni hudaiwa kwa njia ya sheria, si kwa kumfungia mtu mlango.

NGAZI, RUFAA NA MKATABA

Hospitali zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 2 ni zahanati, ya 3 ni kituo cha afya, ya 4 na ya 5 ni hospitali kubwa zaidi, kama zile za kaunti, na ya 6 ni hospitali kuu za taifa, kama vile Kenyatta. Rufaa ni barua ya kukupandisha kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu. Mtu wa Kawangware mwenye homa asikimbilie Kenyatta. Aanze na kituo cha afya kilicho karibu, na daktari akiona haja, atampa rufaa. Akiruka ngazi, huenda akajilipia gharama ambazo hakuwa na haja ya kulipa.

Hospitali yenye mkataba ni ile iliyokubaliana na SHA kuwatibu wanachama wake. Si kila jengo lenye msalaba mwekundu lina mkataba. Tena mkataba unaweza kusimamishwa. Mwaka 2025 vituo kadhaa vilisimamishwa kwa kushukiwa kupeleka madai ya uongo. Kwa hiyo uliza mapema, si siku ya uchungu: "Je, ninyi mna mkataba na SHA sasa hivi, na mnalipiwa matibabu gani?" Mama mwenye mimba na aulize hospitali mbili: ile anayoipenda, na ile iliyo karibu anayoweza kufika usiku.

Idhini ya mapema ni ruhusa ambayo hospitali huomba kwa bima kabla ya kufanya matibabu fulani makubwa. Ukiambiwa "tunangoja idhini", hujakataliwa. Uliza imeombwa saa ngapi na nani anaifuatilia.

KIKOMO NA NYONGEZA

Kikomo ni mwisho wa fedha ambayo bima italipa kwa jambo moja. Katika orodha ya ada ya SHA ya mwaka 2024, kuzaa kwa kawaida ni Shs. 10,000/-, na kuzaa kwa kupasuliwa ni Shs. 30,000/-. Hospitali ya mtu binafsi ikiwa na bei ya juu kuliko hiyo, kinachobaki ni nyongeza, nayo hutoka mfukoni mwako.

Basi tufanye hesabu ya mzee wetu. Bili ilikuwa Shs. 54,000/-. Kama binti angekuwa amelipa mchango, na hospitali ile ikiwa na mkataba, bima ingetoa Shs. 30,000/- na kubakiza Shs. 24,000/-. Sikufichi, bima isingelipa yote. Lakini kwa Shs. 24,000/- mzee angeuza kondoo wachache, na mtamba angebaki zizini. Na kama binti angekuwa amejua mapema na kupanga kuzalia katika hospitali ya umma, huenda nyongeza yenyewe isingekuwako.

MANENO YA KAMPUNI ZA BIMA

Ziko pia kampuni za watu binafsi zinazouza bima ya afya, na wajumbe wao hupita masokoni na katika mikutano ya vyama vya ushirika. Si vibaya kuwasikiliza, lakini usitie sahihi kabla hujaelewa maneno matatu.

Muda wa kungoja ni miezi ambayo utakuwa umelipa lakini hulipiwi bado. Kuzaa na magonjwa uliyokuwa nayo tangu zamani mara nyingi huwa na muda mrefu wa kungoja. Mtu aliyenunua bima akiwa tayari na mimba huweza kukuta kwamba uzazi huo hautalipiwa.

Yasiyolipiwa ni orodha ya mambo ambayo bima imeyaacha nje. Orodha hiyo huandikwa kwa herufi ndogo, mwishoni. Anza kusoma hapo. Kama huwezi kuisoma, mpe mwanao aliye shuleni akusomee kwa sauti, wewe ukiuliza.

Dai ni ombi la kulipwa. Mara nyingine hospitali hupeleka dai yenyewe. Mara nyingine wewe hulipa kwanza, kisha unadai. Kwa dai hili la pili, risiti ndiyo silaha yako. Bila risiti ya hospitali na karatasi ya daktari, hakuna fedha itakayorudi. Wala usimpe mtu mwingine nambari yako ya bima atibiwe kwa jina lako, hata awe rafiki. Huo ni uongo katika dai, na utawatia matatani wewe na yeye.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA USIKU HUU

1. Je, nimejiandikisha, na nambari yangu naijua?
2. Je, mchango wangu wa mwaka umelipwa, na unaisha tarehe gani?
3. Je, mke au mume wangu na kila mtoto ameandikwa?
4. Je, zahanati na hospitali zilizo karibu nami zina mkataba?
5. Je, nikilazwa, kikomo ni kiasi gani, na nyongeza nitaipata wapi?
6. Je, mwanangu aliyeko mjini anajua majibu yake mwenyewe?

Swali la sita usilipuuze. Sisi wa shamba tuna watoto Kibera, Kawangware na kwingineko. Wao wakilala bila bima, ng'ombe wetu ndio bima yao.

Binti wa mzee yuko nyumbani kwake na mtoto wake, wote wazima. Yeye na akina mama kumi wanaouza mboga karibu na kituo cha 46 wana chama chao cha kupeana fedha kwa zamu. Tulipokuwa pale walikubaliana kwamba kila mama zamu yake ikimfikia, fedha ya kwanza kutoka humo ni mchango wa mwaka wa kaya yake, naye alete ujumbe wa simu kama ushahidi kabla ya kuchukua zilizobaki. Waliipa kazi hiyo ya kukagua kwa binti mwenyewe, kwa kuwa, walisema, yeye hatasahau.

Mzee naye, siku aliyopokea malipo ya maziwa, alikuja tena ofisini. Safari hii hakutaka kibali. Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya meza yangu, akasema, "Mwalimu, nitazamie kama mchango umefika." Nilitazama. Ulikuwa umefika.